Risala ya Akina Mama wa Yalosemba Kuhusu Choo Kilicho Juu ya Chemchemi

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Muungano wa Afya Vijijini; imamu wetu na mchungaji wetu; mwalimu mkuu; papa na mama wote mlioketi hapa:

Karibu

Sisi akina mama tunaochota maji kwenye chemchemi ya Yalosemba tunakukaribisha. Umetoka Makiso alfajiri, ukavuka mto, ukasubiri pikipiki, na bado umefika. Asante. Wali na pondu ya majani ya muhogo viko tayari, na maji yaliyo mezani pako yamechemshwa asubuhi hii. Mwaka jana tulikusomea risala ya sifa. Ya leo ni ya kazi, nayo ni fupi.

Choo kilivyofika kilimani

Mwaka jana ulitufungulia choo cha saruji chenye milango sita, cha shule na soko. Ulituuliza kijengwe wapi. Tukachagua kilimani, kando ya barabara, ili kila apitaye akione na asome jina lako kwenye kibao. Hakuna kati yetu aliyehesabu hatua kutoka pale hadi kwenye chemchemi. Ni ishirini na tatu, zote za kuteremka. Kosa hilo ni letu, na tunaanza nalo.

Mlinzi wa choo, Papa Timothée, alipewa kreziri, ile dawa kali ya kuoshea sakafu za vyoo. Akawa anaosha kila Jumamosi, kwa bidii. Ikifika Jumatatu, maji ya chemchemi yakawa yananukia dawa. Na sisi, Mgeni rasmi, tulifurahi. Tulisema Muungano umetutilia dawa ndani ya maji kimyakimya, kama mtu atoaye sadaka bila kujitangaza. Tukaacha kuchemsha.

Mama Leila na harufu ya Jumatatu

Aliyefurahi kuliko wote ni Fatouma, Mama Leila, ambaye hukaanga mikate pale wanaposimama watu wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Makala yake, yale makaa ya kupikia, yalikuwa hayatoshi mikate na maji ya kunywa kwa pamoja. Aliposikia ile harufu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wenzake waache kuchoma makala bure. Tulimsikiliza, kwa kuwa Fatouma si mtu wa maneno mengi.

Leila, binti yake wa miaka mitatu, akaanza kuhara. Akapona, akaugua tena. Mara ya tatu Fatouma alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, mtoto amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Muuguzi Célestin alimuuliza anakunywa maji gani. Akajibu kwa fahari kwamba ni ya chemchemi, na iko na dawa. Célestin akamuuliza nani ameitia. Fatouma akamsogezea kibidoni, kidumu cha maji alichokuja nacho.

Muuguzi akakifungua, akanusa. Akasema, "Mama Leila, hii si dawa ya maji. Hii ni ile wanaoshea choo. Kama hii imefika, jua haikuja peke yake."

Alimwambia pia kwamba mtoto huyu akipatwa mara ya nne, yeye hana ahadi ya kumpa.

Leila alipoanza kunywa uji, Fatouma alipanda kilimani kwa Papa Timothée. Mzee akamtania, "Mama, umekuja kunusa choo yangu? Iko safi kushinda nyumba yako." Fatouma akamwomba aache kuosha kwa Jumamosi mbili. Papa alikataa katakata. Mgeni akija akute choo kinanuka, ni yeye atakayefukuzwa. Ilibidi mikate ya moto ipande kilimani mara kadhaa kabla hajakubali. Jumatatu mbili zikapita, maji hayakunukia kitu. Jumamosi ya tatu Papa akaosha. Jumatatu harufu ikarudi.

Asubuhi ile ile Fatouma alisimama kwenye jiwe la chemchemi, bidoni zetu zikiwa zimepangwa foleni, akasema, "Ni mimi niliwaambia muache kuchemsha. Nilikosea. Maji hii inapitia choo kabla ya kufika kwetu."

Mama Aziza, mmoja wetu, alimjibu kwamba kesho atasema hata mvua inatoka choo. Wengine wakacheka. Basi Fatouma akaomba kila mmoja anuse bidoni yake mwenyewe. Mama Aziza alinusa mara mbili, akamwaga maji yake chini, akaondoka bila kuaga. Jioni alirudi na jembe.

Tuliyokwisha kufanya

Jembe lile lilianza shimo la choo kipya. Liko upande wa chini, ng'ambo ya soko, hatua mia moja na arobaini kutoka kwenye chemchemi, mahali ambapo maji hayapandi kuja kwetu. Tumelichimba wenyewe kwa zamu, na kuta za tofali za kuchoma zimesimama.

Nyumbani tumerudi kuchemsha, wote. Bidoni zilizobeba mafuta ya mawese haziwekwi tena maji ya kunywa, maana utelezi wake hauishi hata ukisugua kwa mchanga. Kila ndoo ina mfuniko, na kikombe kimoja chenye mkono mrefu. Anayetumbukiza kopo lake au vidole vyake anachota ndoo nyingine. Waume zetu wamelipa adhabu hiyo kuliko watoto.

Kinachotukwamisha

Milango sita na mabati bado viko kilimani. Siku ya ufunguzi tulitia sahihi karatasi inayosema hakuna bati wala mlango utakaoondolewa bila barua yako. Tumekuandikia mara tatu. Mara zote tumejibiwa kwamba suala letu linashughulikiwa. Choo cha juu hatuwezi kukifunga kabla cha chini hakijapata paa na milango, kwa sababu watoto mia tatu wa shule wataingia porini, na pori hilo nalo linateremka kwenye chemchemi. Na kuchemsha kunasaidia nyumbani tu. Mtoto akitoka shule na kiu, anainama pale pale anakunywa kwa viganja. Leila ameshajua njia ya kwenda huko peke yake.

Yamebaki majuma matatu mvua kubwa zianze.

Tunachoomba

Hatuombi choo kingine. Tunaomba sahihi yako, leo, kabla ya chakula. Barua ya ruhusa tumekwisha kuiandika. Iko mbele yako, na kalamu iko juu yake. Mafundi wamekaa pale nyuma na ngazi zao.

Kuna jambo moja ambalo watu walitusihi tusiliseme. Choo cha chini hakionekani kutoka barabarani. Wapitao hawatasoma jina lako. Ila watoto wataliona kila siku, nao ndio wanaojifunza kusoma. Kibao chako tumekitoa asubuhi, tumekiosha kwa maji yaliyochemka, na kimefungwa ndani ya kile kitambaa cheupe kilicho mezani. Misumari yake minne anayo Papa Timothée mfukoni, tayari kwa ukuta wa choo cha chini.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwako, aibariki nyumba yako, na mkono wako pia, hasa ule unaoshika kalamu.

Ni sisi,
Akina Mama wa Chemchemi, Yalosemba