Kinyago Juu ya Dawati la Mdogo Wangu

Ndugu zangu wa kikundi, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi mnanijua kwa samaki wa kukaanga pale Msimbazi. Leo nasema jambo ambalo sijawahi kuwaeleza. Sitataja jina la mtu wala la shule. Wenyewe wakisikia watajijua.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikashika kikaango ili wadogo zangu wasome. Sikulalamika, na leo silalamiki. Nilitaka kitu kimoja tu: wao wasiishie kwenye kikaango changu.

Mdogo wetu wa mwisho alipofika darasa la saba, shule yao ilishika mkia katika kata. Mnajua kinachofuata. Mwalimu mkuu aliitwa mbele ya kikao cha elimu, akakabidhiwa kinyago cha shule ya mwisho, mtu wa mti mweusi aliyeachama mdomo, watu wakapiga makofi huku wanacheka. Akarudi nacho shuleni, wala hakukaa nacho yeye. Aliamuru kwamba kila baada ya jaribio, mtoto wa mwisho akiweke juu ya dawati lake hadi jaribio lijalo.

Mdogo wangu si mjinga. Ni mzito kwenye hesabu. Kinyago kilitua kwake na hakikuondoka. Hawakumchapa, nisiwasingizie. Mwalimu alikuwa akiingia darasani anamuuliza tu, "Wewe na mwenzako hamjambo?" Darasa zima linacheka.

Akaacha kula. Kila asubuhi ya jaribio alitapika. Zahanati wakasema tumbo halina ugonjwa. Nikaenda shuleni, mwalimu wa taaluma akaniuliza, "Mzazi yuko wapi?"

"Mzazi ni mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi dada, mwambie asome. Sisi hapa tunatafuta ufaulu."

Ijumaa moja nilikuwa soko la Feri kununua samaki. Nikasikia wakaangaji wanamtania mtu: "Msomi, leo samaki wanakufundisha somo gani?" Mwingine akadakia, "Muache, amekuja kusahihisha dagaa." Nikageuka. Ni mdogo wangu, amevaa sare ya shule, amechutama anaparua magamba.

"Shikamoo dada," akasema, bila hata kushtuka. "Nimeshajua kuparua. Kesho tuje wote."

Ndugu zangu, nilimzika baba, nikamzika mama, lakini pale niliumia kwa namna nyingine. Miaka yote nilisimama kwenye moto ili asifike hapo, na shule ndiyo iliyomleta.

Nilimshika mkono tukaenda shuleni vile vile, nanuka samaki. Nikaingia darasani, nikaomba radhi kwa mwalimu, nikakichukua kile kinyago na kukiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu ofisini, mbele yake.

"Dada, hicho ni cha darasa la saba."

"Hapana, mwalimu. Ulipewa wewe."

Akasema kwa sauti ya chini, "Unajua tukishika mkia tena wananivua cheo?"

Nilimwonea huruma, kusema kweli. Nikamwambia mtoto huyu hana cheo cha kuvuliwa, ana tumbo tu, nalo limekataa chakula. Nikakaa kwenye kiti cha wageni, sikuondoka. Mwishowe akaitwa mwalimu wa malezi, mama mmoja mpole. Akakifungia kinyago kabatini akasema, "Huyu mtoto nitakaa naye mimi."

Akakaa naye kweli, hesabu kidogo kidogo, bila kelele. Na mama wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa, jirani yangu, akampa kona ya kusomea nyuma ya kaunta. "Kwanza sambusa," alikuwa akimwambia, "halafu hizo hesabu zako za sehemu."

Mtihani aliufanya bila kutapika. Alifaulu wastani, yuko sekondari ya kata. Anakula.

Shule nayo ilipanda, wakapongezwa. Kinyago kikatolewa kabatini, kikafutwa vumbi, kikakabidhiwa shule nyingine. Hakuna aliyesema kichomwe.

Nawashukuru mama hao wawili, nanyi mlioniangalizia kikaango siku nilizokuwa nikizunguka shuleni. Ninachoomba ni hiki: mtoto akirudi, tusianze kumuuliza amekuwa wa ngapi. Tumuulize kama amekula.

Kinyago sasa kiko shule ya jirani, na baadhi yenu mna watoto pale. Mkifika nyumbani leo, waulizeni kiko juu ya dawati la nani.