Sala ya Mwisho ya Ambrose Thirkell

Ndugu waombolezaji, tumesimama kaskazini mwa kanisa, wanakolazwa waliojiua na watoto wasiobatizwa. Kaka yangu hakuwa mmoja wao, na nitalisema hilo kabla hatujamfukia.

Ambrose Thirkell alizaliwa tarehe 14 Machi 1589 hapa Wenscombe, Suffolk, kifungua mimba wa mshona viatu. Alisoma Cambridge, akahitimu mwaka 1611. Huko aliona ukurasa wa Kiarabu asioweza kuusoma, akaona haya. Haya hiyo haikumwacha tena.

Mwaka 1619 alikwenda Aleppo, mji wa Waarabu chini ya Waturuki, kuwahudumia wafanyabiashara wetu kama kasisi wao. Alirudi baada ya miaka minane, akawa anatafsiri vitabu vya tiba. Wengi wenu mmekunywa dawa alizozitoa humo, mkapona, kisha mkamwita Mturuki, yaani Mwislamu. Siku moja jirani alimpigia kelele barabarani, “We Mturuki! Leo umesali mara ngapi?”

“Mara moja tu, jirani,” akajibu. “Lakini nimekushinda.”

Tarehe 3 Juni 1629 alimwoa Thomasin Garrod. Alimfundisha Baba Yetu kwa Kiarabu ili awe na mtu wa kusali naye kwa lugha aliyoipenda. Waliisali pamoja shemeji akikanda unga, na mkate wao mara nyingi uliungua.

Oktoba iliyopita homa ya mabwawani ilimlaza. Tarehe 9 Novemba 1638, Kiingereza kilikuwa kimemtoka kabisa. Kasisi alimwinamia.

“Ambrose, unamkiri Kristo?”

Akajibu kwa Kiarabu, taratibu, mpaka pumzi ikakatika.

“Mmesikia?” akasema mzee wa kanisa. “Huyu keshasilimu!”

“Jamani, hiyo ni Baba Yetu!” Thomasin akalia. “Si alinifundisha mwenyewe?”

“Nyamaza, mama,” mzee akamkatiza. “Mke hakosi kumtetea mumewe.”

Basi yakaisha hivyo, na kaburi likachimbwa huku. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi.

Ameacha mjane, Thomasin. Binti mmoja, Judith. Na mimi, mdogo wake Gilbert.

Sasa tutasali. Mimi nitaanza kwa lugha yenu, na shemeji atanifuata kwa Kiarabu, mstari kwa mstari. Aliyekuwepo pale kitandani asikilize vizuri, atayatambua maneno. Kisha aniangalie usoni aniambie kwa nini kaka yangu amelazwa upande huu.

Pumzika, Ambrose. Aliyeombwa alikuelewa.