Bi Sadae Onishi, Aliyeshika Ziwa kwa Kidole

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Bi Sadae Onishi alikwenda kwenye ziwa dogo la Kurotani, akachovya mwanzi wake, akarudi nyumbani kidole gumba kikiwa palepale maji yalipofika, ili akaweke alama ukutani. Ukimpa mkono njiani alikataa: "Nisamehe mwenzangu, nimeshika ziwa."

Alizaliwa hapahapa Kurotani, mkoa wa Kagawa, Japani, tarehe 11 Machi 1938, mtoto wa nne wa Mzee Yasaku Miyake na Bi Fusa. Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1953. Hesabu aliziweza, ila siku za kupanda mpunga hakuonekana darasani.

Tarehe 20 Novemba 1960 aliolewa na Bw. Kazumi Onishi, mgawa maji wa kijiji. Kwetu kiangazi kikikaza, maji ya ziwa hugawanywa kwa udi: kijiti kimoja kikiungua chote, zamu ya shamba moja imekwisha. Agosti 1994 ziwa lilibaki dimbwi, na Bw. Kazumi alikuwa amelazwa hospitalini. Bi Sadae akashika nafasi yake mbele ya sanduku ambamo udi wa zamu huchomwa.

Siku ya tatu, joto likiwa halivumiliki, jirani yao Bw. Tsuneo Goda alikuja mbio, matope hadi magotini.

"Shemeji! Udi wako leo unafukuzwa na nani? Maji hayajafika hata nusu ya shamba!"

Bi Sadae akautazama udi uliokwisha, kisha upepeo uliokuwa mkononi mwake.

"Ni mimi, shemeji. Nilikuwa najipepea. Nimeipepea zamu yako."

"Sasa mpunga wangu utakunywa upepo?"

"Utakunywa zamu yangu. Nenda kafungue."

Mpunga wake mwenyewe ulikauka mwaka ule. Wakati wa mavuno, Bw. Goda alimletea gunia la mchele, na juu yake upepeo mpya ulioandikwa: "Wa jikoni tu." Walicheka hadi chai ikapoa. Bw. Kazumi alipona, lakini kijiji hakikumrudishia sanduku. Lilikaa kwa mkewe miaka thelathini kasoro.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Daktari alimkataza kupanda ukingo wa ziwa. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akashukuru, na kesho yake akapanda.

Asubuhi ya tarehe 15 Juni 2024, siku ya kufungulia maji mashambani, alimwambia mkwewe Harumi, "Bandika maji ya tambi, mwanangu. Narudi sasa hivi." Akatoka na mwanzi wake. Hakurudi. Harumi alimkuta ameketi ukingoni, ziwa limejaa pomoni, kidole gumba bado kimeshika alama.

Ametanguliwa na mumewe. Ameacha watoto wawili, Teruo na Nobuko, mkwe Harumi, wajukuu watatu, na shemeji yake wa jirani, Bw. Goda.

Tutakapomchomea udi, tafadhali asipepee mtu. Uungue taratibu, hadi mwisho. Leo zamu ni yake. Apumzike kwa amani, na maji yawe tele.