Fundi Uyoga, na Risasi Moja Iliyopiga Pofu Wawili

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliokuja kutoka mbali, mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mke wake, yule mnayemwita Redio, na kikao cha familia kimenipa karatasi mbili na onyo moja, nisitie chumvi, nami nimemwahidi dada yangu kwamba leo nitasoma kilichoandikwa tu, ingawa ni kweli pia kwamba aliyeandika ni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa nne wa mlinzi wa stesheni ya reli na mama mshona magunia, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kulia, akawakagua watu kwanza mmoja mmoja, tabia ambayo hakuiacha mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akafaulu vizuri kuliko mimi, jambo ambalo si sifa kubwa, maana mimi na shule tuliachana darasa la sita kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini nafasi ya sekondari haikupatikana, akakaa miaka minne kwa seremala akijifunza kupima mara mbili na kukata mara moja.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa na kampuni ya uwindaji, si kwa kupiga bunduki bali kwa kuchuna ngozi, na hapo ndipo alipopata elimu yake ya juu, kwa sababu mwenye bunduki anajua alipolenga, lakini mwenye kisu ndiye anayejua risasi ilifanya nini baada ya kuingia. Kwa wasioijua kazi hii, bunduki za kaliba kubwa tulizobeba, maana baadaye nami niliingia kampuni hiyo, zilitengenezwa kwa ajili ya nyati na wakubwa wenzake, na zilikula risasi za aina mbili, moja ngumu mwanzo hadi mwisho, inayoingia huku na kutokea kule bila kubadilika sura, na nyingine ya ncha laini, ambayo ikishaingia mwilini inafunguka, inapanuka, inakaa humo humo. Ile ngumu marehemu aliiita msumari, ile laini akaiita uyoga, na majina hayo yalienea kambi nzima hadi wageni wakawa wanaagiza uyoga wakiwa na sura za watu wazima kabisa, naye mwenyewe likamganda jina la Fundi Uyoga.

Tarehe 1 Julai 1979 alipata leseni ya kuongoza wawindaji, na kila mgeni aliyemuuliza ipi bora kwa swala alijibiwa kwa swali, swala yupi. Kwa paa, ambaye ukimkuta na bunduki ya namna ile unapaswa kumwomba radhi kwanza, alishauri msumari, kwa kuwa uyoga ungeacha pembe na habari tu, lakini kwa pofu, yule swala mkubwa kama fahali, akiwa amesimama ubavu, alitaka uyoga tu, nyuma kidogo ya bega, mnyama aanguke bila kuteseka. Na pofu akigeuka akakupa mgongo, alisema, risasi nzuri ni ile inayobaki ndani ya bunduki.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na dada yangu, fundi cherehani wa soko la juu, na posa ile ilipita kwa msaada wangu mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na minne na ndimi niliyebeba barua, hilo hata wazee hawalikatai. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1982, ambaye ni mwalimu, binti wa pili mwaka 1985, ambaye ni muuguzi, na kijana wa mwisho mwaka 1990, fundi wa majokofu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia baba yake akipandisha sauti, hata siku ile walipomfulia shati na cheti cha kazi mfukoni.

Mwaka 1994 marehemu aliacha kuongoza wawindaji, akahamishiwa stoo ya silaha, na hapa niliandika, kama kikao kilivyoagiza, kwamba alinyang'anywa leseni kwa uzembe. Ninaomba dada yangu anisamehe, sentensi hiyo sitaisoma kama ilivyo.

Ninyi nyote mmenisikia nikisimulia habari ya risasi moja na pofu wawili, nimeisimulia kwenye harusi, kwenye foleni, hata kwa daktari wa meno nikiwa nimefungua mdomo, kila mara nikibadilisha mwaka na kambi, na sasa nitawaambia kwa nini nilikuwa nabadilisha. Ilikuwa tarehe 19 Agosti 1994, mimi nilikuwa msaidizi wa marehemu kwenye kampuni ile ile, tulikuwa na kibali cha pofu mmoja kwa ajili ya nyama ya kambi, na asubuhi marehemu aliniambia nitoe misumari yote niliyokuwa nimejaza kwa safari ya nyati, nitie uyoga. Sikutoa. Mgeni mmoja alikuwa ameniambia kwamba msumari ni risasi ya wanaume, nami nikaamini, nikamwitikia shemeji yangu ndiyo huku mkono uko mfukoni. Dume lilisimama ubavu hatua sitini, nikapiga, msumari ukapita ndani yake kama mtu apitaye nyumba yenye milango wazi, ukamfikia jike lililosimama nyuma, ambalo mimi sikuliona, kwa hiyo siku ile kipofu hakuwa pofu, alikuwa mimi. Dume lilianguka baada ya mwendo mrefu. Jike liliondoka na jeraha.

Marehemu hakunigombeza, alichukua maji na bunduki yake akafuata damu siku mbili mpaka akalimaliza jike lile, kisha akaenda mwenyewe ofisini akasema wanyama wawili wamekufa kwa kibali kimoja, na kwamba bunduki ya msaidizi aliijaza misumari yeye. Tarehe 2 Septemba leseni ikachukuliwa. Nilipomfuata stoo kumuuliza kwa nini, aliendelea kupangusa mtutu, akanijibu:

"Dada yako akijua, atakosa kaka. Mimi leseni nitazoea kuikosa."

Nami nikanyamaza, mimi, Redio, kitu pekee katika maisha yangu nilichowahi kukinyamazia. Nilimsikia dada yangu akimwambia mumewe, kwa uchungu wa haki kabisa, kwamba uzembe wake umewashusha, nikamwona shemeji yangu akiinama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Kuanzia hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012 alifanya kazi stoo, alipiga risasi kwenye maboksi ya magazeti yaliyolowa, msumari na uyoga kwa umbali mbalimbali, akazipigilia zilizookotwa kwenye ubao kwa mpangilio, na waongozaji vijana hawakutoka kambini bila kupita mbele ya ubao ule, wala hakuna kibali kilichozidishwa tena.

Ugonjwa wa figo ulianza Oktoba 2015, akawa anakwenda hospitali mara mbili kwa wiki, na tarehe 27 Mei mwaka huu wa 2018, mchana, wodini, aliniomba nimfungulie kopo la vifungo alilochukua kwa dada yangu, akatoa humo msumari alioutoa kwenye mwili wa jike lile, umenyooka, unang'aa, ungedhani haujawahi kufyatuliwa.

"Hii ni yako, shemeji," alisema. "Na historia yangu utaisoma wewe."

Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, dada yangu akiwa ameushika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomzoea mpaka wakamwita baba, jirani wa ukuta mmoja aliyempeleka hospitali kwa gari lake bila kuchoka, na wenzake wa stoo waliouleta ubao wake hapa, ule pale ukutani, na ukiutazama utaona shimo la msumari mmoja ambao haukuwahi kuwekwa. Ninao mfukoni. Dada, nikishuka hapa nitauweka mkononi mwako, kisha uniambie unavyotaka, hapa hapa, mbele ya watu.

Shemeji, ulisema msumari unapita na uyoga unakaa. Mimi nimepita nyumba nyingi na maneno mengi. Wewe umekaa. Pumzika sasa kwa amani, mzigo wangu nimeupokea.