Ersilia Vagnoni na Baraza la Mawe

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Ersilia Vagnoni, mlinzi mkuu wa Jumba la Calvari, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Ofisi ya manispaa yetu ya Castelrovo imeniomba niandike wasifu wake kwa jarida la watumishi, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitajitahidi.

Alikuja kwetu akitokea kiwanda cha viatu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia ua wa nguzo. Ua huo ulijengwa na Bwana Ruggero Calvari miaka ya 1480, enzi ambayo kila mtawala mwenye askari wachache alitaka jumba la kuwapiku Warumi wa kale. Alikufa kabla hajamaliza. Ndiyo maana uso wa jumba umevikwa mawe meupe mpaka orofa ya kwanza, na juu yake ni matofali matupu, na katika matundu yaliyoachwa na majukwaa ya mafundi mbayuwayu hutaga mayai. Mgeni akiuliza kulikoni, Bi Ersilia humjibu, "Mwenye nyumba katoka kidogo, akirudi atamalizia."

Kuna mwaka, katika harusi iliyofanyika humu jumbani, alimfungia bwana harusi bila kujua. Kijana alikuwa ameingia katika chumba cha kusomea cha Bwana Ruggero kutazama dari la mbao, na Bi Ersilia akafunga mlango akaenda kula. Bibi harusi naye akala, akashiba. Mpaka leo husema zile ndizo saa tulivu kuliko zote za ndoa yake.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Chini ya ukuta wa mbele, kona hadi kona, kuna baraza la mawe. Bwana Ruggero aliwajengea watu waliokuja kudai haki zao, wasubiri wameketi. Fundi yeyote atakwambia kwamba baraza hilo ndilo linalolipa jumba miguu. Ukilifunika kwa kiganja machoni, ukuta mzima unaonekana kuelea. Ukoo wa Calvari uliondoka, jumba likawa kambi, likawa ghala la ngano, likawa shule, na sasa ni makumbusho. Katika enzi zote hizo, hakuna aliyemwinua mtu aliyeketi pale. Wazee wetu kila mmoja ana nafasi yake. Mmoja akifariki, Jumapili ya kwanza baada ya mazishi mjane wake huja kuketi palepale alipokuwa akiketi mumewe, mbele ya mji mzima. Asipoketi, huhesabiwa bado yuko makaburini, na watu huona aibu hata kumtania.

Februari iliyopita, naibu meya wa utalii, Bwana Fulvio Capriotti, aliagiza baraza lizungushiwe mnyororo. Hadharani alisema analinda jiwe. Sisi watumishi alituambia ukweli, bila haya: wazee wanaharibu picha za wageni. Wanaharibu picha! Watu waliozaliwa hapa, waliolibeba jumba hili kwa kodi zao, leo ni uchafu mbele ya kamera.

Mnyororo ulifungwa Jumamosi. Alhamisi iliyotangulia tulikuwa tumemzika mzee Nazzareno, mshona viatu. Jumapili mjane wake, mama Dina, alifika na koti jeusi, akasimama mbele ya mnyororo, mkoba kifuani, asijue pa kwenda. Mzee Primo, jirani wa marehemu pale barazani, akafoka: "We Ersilia, ndo nini hii? Tumeshakuwa mbuzi siye?"

Bi Ersilia aliingia ndani, akatoka na ufunguo, akafungua kufuli, akauburuta mnyororo wote mpaka stoo.

"Kaa, mama Dina," alisema. "Nafasi yako hiyo, nani akuzuie?"

Kesho yake Bwana Capriotti alishuka ngazi mbio, uso umemwiva.

"Jiwe lile lina miaka mia tano, mama!"

"Na limekaliwa miaka yote hiyo, bwana mkubwa. Leo ndo limechoka?"

Kwa hilo alipewa onyo kali, mwanamke ambaye hakuwahi kupewa hata karipio. Kisha ofisi hiyohiyo ikamwandalia hafla ya kumuaga katika ukumbi wa juu, kwa walioalikwa tu, na wa barazani hakualikwa hata mmoja. Bi Ersilia amekataa kupanda. Mvinyo wake ataunywa chini barazani, Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na yeyote aje.

Jumatatu funguo zinakuja kwangu. Nimeagizwa kwamba kazi yangu ya kwanza kama mlinzi mkuu iwe kuurudisha mnyororo. Bwana Capriotti anasubiri jibu, basi alipate hapa: siufungi. Akitaka aje Jumapili aufunge kwa mikono yake, amwinue mama Dina yeye mwenyewe, nasi tumtazame.

Bi Ersilia, asante kwa miaka yako na kwa ukali wako. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na maisha ya raha. Wala usikae nyumbani ukijiuliza kama kuna mtu ameinuliwa barazani. Labda waniinue mimi kwanza.

Settimio Grilli, mlinzi