Mzee Puto na Upepo Ulionyooka

Ndugu, jamaa na majirani mliotuvumilia juani tangu asubuhi, familia inawasomea maisha ya baba yetu, mpima upepo, ambaye watoto wa mtaa walimwita Mzee Puto.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, kisha sekondari, ambako mwalimu wa jiografia alimnunulia viatu ili asiache shule, wema ambao aliusimulia hadi mwisho.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa kituo cha hali ya hewa, kazi yake ikiwa kuachia puto la gesi kila asubuhi, kulifuata kwa darubini, na kuandika upepo unatoka wapi kwa kila kimo, maana marubani waliusubiri. Watoto waliomuuliza aliwawekea sinia, mmoja alizungushe, mwingine achore mstari kwa chaki akifuata rula, na mstari ulipotokea umepinda wote walicheka, naye akawaambia kwamba dunia nayo inazunguka hivyo chini ya upepo, ndiyo maana pepo kubwa zinazokwenda ikweta huinamia magharibi, na ndiyo maana upepo wa chini, unaoshikwa na miti na nyumba, hauelekei sawa na ule wa juu ulio huru.

Alimwoa mama yetu, mpishi wa shule, tarehe 9 Oktoba 1976, wakajaliwa watoto wanne. Wa kwanza alizaliwa tarehe 21 Julai 1978, na hapo ndipo mama alipoomba turuke yaliyotokea siku hiyo, kwa kuwa ya marehemu hufukiwa naye, lakini baba, akiwa kitandani mgonjwa, alimwambia mkwewe, mke wa mwanawe, anayewasomea haya, "Mama, hilo usiliruke, hata wakinuna."

Asubuhi hiyo mkewe alishikwa na uchungu, marehemu akakimbilia hospitali bila kuachia puto, akarudi saa tatu, akajaza fomu kwa kubuni, upepo mmoja kutoka chini hadi juu, akaituma uwanja wa ndege. Mkuu wa kituo aliiona saa sita, akamwambia kwa upole uliomuumiza kuliko matusi, "Mwanangu, upepo wako umenyooka kama rula, kwani dunia leo ilisimama?" Lakini ndege ndogo ya dawa ilikuwa imeruka tangu saa nne, ikapotea njia, ikaishiwa mafuta, ikaanguka shambani, na rubani akakatwa mguu.

Uchunguzi ulilaumu kipimo cha mafuta, hakuna aliyemtaja marehemu, ila yeye mwenyewe hakujisamehe. Hakukosa puto tena kwa miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu mwaka 2009, na kila tarehe 21 Julai aliondoka nyumbani kwenda kwa rubani, akamzibia paa, akamchongea fimbo, akarudi bila kumwambia kwa nini, huku mwanawe huyo wa kwanza akikua akidhani baba hapendi siku yake ya kuzaliwa.

Alianza kuugua moyo Januari 2023, akafariki tarehe 6 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mwanawe huyo akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyekuwa akimgeuzia mto upande wa baridi bila kuombwa, majirani walioleta viti na maji, na wafanyakazi wenzake, wakiwemo waliobaki kituoni, maana angewaona hapa saa ya puto angewafukuza.

Juzi mkwewe alikwenda kwa rubani, asije akayasikia haya kwanza mbele za watu. Rubani alisikiliza yote, akafunga mlango. Leo tulipofika hapa tulimkuta ametangulia, anapanga viti kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye ile fimbo. Kama huo ni msamaha hatujui, wala hatukumuuliza.

Baba, limesomwa, hatukuliruka. Pumzika kwa amani.