Vyombo Vyangu vya Upasuaji Havitoki Ruashi

Nisikilizeni, wanangu, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ndogo na leo sitarudia neno. Aimé, weka simu chini. Exaucée, binti yangu, acha kunipima presha, mashine haitakuambia kitu nisichokijua. Djafari, sogea karibu na mto wangu, wewe si mgeni humu ndani. Na wewe, Papa Clément, shemeji yangu, kaa hapo mbele yangu usikie kwa masikio yako mwenyewe, kesho usije ukasema ulisimuliwa. Najua ungependa niseme Tshiluba, lugha yetu ya Kasai, ili mambo ya ukoo yabaki ya ukoo. Sisemi. Nitasema Kiswahili cha mji huu, ili Djafari, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Maniema, asipitwe na kitu.

Mimi Adolphine Mujinga, daktari wa upasuaji, ninakufa na akili zangu zote. Aimé ametaka kunipeleka Afrika Kusini nikapasuliwe tena. Mwanangu, asante, lakini siendi. Nimeziona picha za tumbo langu, na maisha yangu yote nimefungua matumbo ya watu. Hili halina tena kisu kitakachoingia kikatoka na heri. Nitafia hapa Ruashi, kwenye kitanda changu, malori ya mgodi yakipita na vumbi lake ambalo nimelitukana tangu tulipojenga.

Sasa tuje kwenye lile sanduku la chuma, kwa sababu ndilo lililowakusanya, hata kama mnajifanya mmekuja kunisalimia.

Vile vyombo nilikabidhiwa na mwalimu wangu wa upasuaji alipostaafu, kabla sijamjua baba yenu André. Miaka ile watu wa Kasai tulipofukuzwa mji huu, na stesheni ikajaa watu wetu waliolala juu ya magodoro wakisubiri treni, Yuma, baba yake Djafari, alikuja akavichukua, na mama yake Djafari, bibi Alima, akavificha visiporwe, ndani ya sufuria zake za arusi. Watu waliniambia, panda treni, Adolphine. Nikasema nani atapanda? Nina wagonjwa. Nikabaki, na Yuma akabaki kuwa mtu wangu wa kulaza wagonjwa usingizi mpaka alipotangulia.

André alipokufa, matanga hayajaisha, ndugu zake walikuja na lori. Walibeba makochi, friji, mapazia, hata kitanda nilichozalia. Sikuinua mkono. Lakini walipofika chumba cha upasuaji cha kliniki yangu, hapa hapa nyumbani, walinikuta nimekaa juu ya sanduku na nguo zangu za ujane. Papa Clément, usiangalie chini. Ulisema, “Shemeji, toka pale. Ile bintu yote njo ya yaya yangu, inarudia mu famille.” Yaani vitu vyote ni vya kaka yako, virudi kwenye ukoo. Mimi nikafungua sanduku, nikatoa pinsi moja, nikakuuliza ni ya kazi gani. Ukasema ni koleo. Nikakuambia hii inabana mshipa unaotoa damu, meno yake ya nyuma yanajifunga yenyewe na mkono wa daktari unabaki huru. Na mwanamke anayevuja damu hangojei ukoo wako umalize mkutano. Ukaniita mchawi. Nikakaa tena juu ya sanduku langu, na lori likaondoka bila hilo.

Halafu ikaja ile mvua iliyofurisha mto Naviundu, barabara ikawa maji matupu, na hospitali kubwa haikufikika. Nani alipiga hodi hapa asubuhi, ameloa mpaka kifuani, na binti yake Chancelvie mgongoni? Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na yule msichana hakuwa na nguvu hata ya kulia. Muuguzi wangu alikuwa amezuiwa na maji. Yuma alikaa kichwani kwa mgonjwa, akilinda pumzi yake. Nikahitaji mikono mingine miwili, na mikono iliyokuwepo ilikuwa yako, Papa Clément. Nilikuamuru unawe mpaka viwikoni, nikakuvisha glavu, nikakupa kile chombo kilichopinda kama mwiko, kinachovuta ukingo wa kidonda na kukinga kibofu kisikatwe. Nikakuambia, “Vuta. Ukiachia, sioni.” Ukasema, “Mama Dokta, mikono inatetemeka.” Nikakuambia itetemeke lakini isiachie. Haikuachia. Machozi yalikutoka mpaka kwenye barakoa, na hukuachia, mpaka mtoto akatoka akalia, mkamwita Imani.

Wanangu, msidhani nasimulia haya ili nimwaibishe. Sikumpasua Chancelvie ili nimshinde baba yake. Nilimpasua kwa sababu alikuwa anakufa na mimi nilikuwepo. Asante sikuiona, wala sikuingoja. Ninachosema ni hiki: mtu aliyekishika chombo kile kwa mikono yake, akaona kinafanya nini, ndiye huyo huyo aliyemleta juzi mnunuzi wa parseli yangu, kiwanja hiki chenye nyumba na kliniki. Aimé, nawe ulimtembeza mnunuzi huyo chumba kwa chumba, mkipanga pa kuweka magunia ya madini, mimi nikiwa nimelala upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule niliujenga mwenyewe. Unapitisha sauti.

Basi mjue. Parseli hii haiuzwi. Kliniki na sanduku ni vya Exaucée na Djafari, wote pamoja, Exaucée akate na Djafari alaze wagonjwa usingizi, kama mimi na Yuma. Wakili anajua, na mchungaji anajua, na sasa mmejua nyie. Aimé, ile nyumba yangu nyingine kule Karavia ni yako peke yako. Uipangishe, uiuze, ucheze ngoma ndani yake, sitakulaumu, ila hapa usikanyage na mnunuzi. Papa Clément, makochi yale kaa nayo.

Exaucée, kisu ni cha kufungulia ngozi, usikitumie kwa hasira wala kwa kuonyesha wepesi. Ndani, tafuta njia kwa mikasi iliyopinda. Ile iliyonyooka ni ya nyuzi tu. Ukimkuta mtu anakatia bendeji, mnyang'anye, hata akiwa mkubwa wako. Pinsi yenye meno ishike ngozi, isiguse utumbo, itautoboa. Na usifunge tumbo mpaka kila chombo kimeonekana mezani, hata kama wanakuharakisha, hata kama aliyelala pale ni...

Nani anapiga kelele uani? Djafari, tazama. Mchimbaji? Ameangukiwa na jiwe? Paja, unasema, na damu inaruka?

Exaucée, mbona bado umenishika mkono? Mimi sitoki damu. Inuka! Bonyeza kwa ngumi kwanza, ubonyeze kwa nguvu mpaka uone mdomo wa mshipa, ndipo ubane. Usibane bila kuona. Djafari, nenda naye. Umeme umekatika tena? Papa Clément, jenereta iko nyuma ya jiko, kaiwashe, miguu yako bado inafanya kazi. Aimé, usilie. Nenda ukamshikie mtu yule mguu, mwanangu. Nenda uone kile ulichotaka kukiuza.

Mnasitasita nini? Mnizike hapa, msinisafirishe Kasai. Mnivalishe koti langu la kazi, lile la kijani. Na siku ya mazishi kliniki isifungwe, mmesikia... atakayeifunga kwa ajili yangu hakunijua.

Ah. Ngoja nivute hewa.

Mungu niliyemwomba mimi, na Mungu ambaye Yuma alimwomba kwenye mkeka wake wa swala pale kando ya meza... awape mikono isiyoachia. Awape usingizi, nyie na wale mtakaowalaza. Wazao wenu wakue. Na wewe, Clément... hata wewe.

Asirudi mtu humu kunitazama... mpaka uzi wa mwisho umefungwa. Yeye kwanza. Mimi baadaye.

Nendeni. Nimesema nendeni...